Ulaya ya Leo katika Vyuo Vikuu vya Marekani



Swali lililowekwa mbele ya mkutano huu ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu. Kijana wa Kimarekani anafaidika nini kwa kuisoma Ulaya ya leo katika chuo kikuu cha nchini mwake, hali kwa muda wa saa saba au nane za ndege anaweza kufika Paris au Berlin akajionea kwa macho yake mwenyewe? Na likigeuzwa upande wa pili, swali lenyewe huzidi kuuma. Watu wa Ulaya wanavyo vyuo vikuu vya karne nyingi, vyenye walimu hodari na maktaba zisizo kifani. Basi Mmarekani aliye umbali wa maelfu ya maili atawaambia nini juu ya nyumba yao ambacho wao wenye nyumba hawakijui?

Jibu ni kwamba mwenye nyumba huzoea nyufa za ukuta wake hata akaacha kuziona, na pengine huziona lakini anazo sababu zake za kutozitaja. Mgeni aliyejifunza lugha ya nyumba ile, akasoma daftari zake za hesabu na barua zake, aweza kuzitaja. Lakini si kila mgeni. Mgeni apitaye na kamera shingoni haoni nyufa, huona mapazia. Tofauti iliyopo baina ya wageni hao wawili ndiyo iliyovifanya vyuo vya Marekani vianzishe vituo na idara za kuichunguza Ulaya, na ndiyo ambayo katika miaka hii inaanza kusahauliwa na wale wanaogawa fedha.

Yafaa kwanza ieleweke kuwa elimu hii haina umri mkubwa. Kwa muda mrefu Wamarekani walidhani wanaijua Ulaya kwa sababu babu zao walitoka huko. Wanafunzi walisomeshwa falsafa ya Wayunani, michoro ya Waitalia na vita vya wafalme. Bali Ulaya ya vyama vya wafanyakazi, ya bei za chuma, ya kodi na ya mabaraza ya miji haikupewa kiti darasani. Chuo Kikuu cha Delaware kilipeleka wanafunzi 8 Ufaransa mwaka 1923 wakasome huko mwaka mzima, na mpango huo huhesabiwa kuwa wa kwanza wa namna yake. Hata Waziri wa Mambo ya Nje, George Marshall, aliposimama katika Chuo Kikuu cha Harvard tarehe 5 Juni 1947 kutangaza msaada wa kuijenga upya Ulaya, msaada ambao ulifikia dola zipatazo bilioni 13, ni vyuo vichache tu vilivyokuwa na mahali pa kusomea Ulaya hiyo hiyo iliyokuwa ikijengwa.

Kilichofungua mkoba wa serikali kilikuwa hofu. Urusi ndiyo iliyotangulia kuchunguzwa: Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha taasisi yake ya mambo ya Urusi mwaka 1946, Harvard ikafuata mwaka 1948. Kisha tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi wakarusha Sputnik angani, na haukupita mwaka ila Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kugharimia elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Sura ya 6 ya sheria hiyo ya mwaka 1958 ililipia mafunzo ya lugha za kigeni na vituo vya kuchunguza sehemu mbalimbali za dunia. Kiswahili nacho kilipata fungu humo. Lakini lugha kubwa za Ulaya Magharibi hazikuwekwa katika safu ya mbele, maana iliaminika kwamba hizo zimekwisha kujulikana. Ilibidi kungojea hadi mwaka 1969 ndipo Stanley Hoffmann, Guido Goldman na wenzao wakaanzisha pale Harvard mpango wa kuchunguza Ulaya Magharibi, na mwaka 1970 vyuo kadhaa vikaungana kuunda Baraza la Elimu ya Ulaya. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Juni 1972, Kansela Willy Brandt wa Ujerumani Magharibi alifika Harvard kutangaza zawadi ya mamilioni ya marki, iwe shukrani kwa msaada wa Marshall. Fedha hizo ndizo zilizoanzisha mfuko unaoitwa kwa jina la Marshall hadi leo.

Katika historia hiyo lipo jambo lisilotajwa mara nyingi, nalo ni kwamba waasisi wengi wa elimu hii walikuwa wakimbizi. Hoffmann alizaliwa Vienna mwaka 1928, akakulia Ufaransa, na wakati wa vita alijificha pamoja na mama yake katika kijiji cha kusini mwa nchi hiyo. Fritz Stern, mwalimu wa Columbia, alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, akatoroka na wazazi wake mwaka 1938. Mwaka huo huo ndio aliotoroka Ernst Haas, mzaliwa wa Frankfurt, ambaye baadaye alifundisha Berkeley. Watu hawa hawakuisoma Ulaya kwa kuipenda tu, wala kwa kuichukia tu. Walitaka kujua ni jambo gani lililoitia wazimu, na kama limekwisha.

Matunda ya elimu yenyewe yanaonekana wazi zaidi katika habari ya Robert Paxton.

Ufaransa ilishindwa na Ujerumani mwezi Juni 1940. Sehemu moja ya nchi ikabaki chini ya serikali ya Kifaransa iliyokaa katika mji wa Vichy, ikiongozwa na Jemadari Mkuu Pétain, mzee wa miaka 84. Vita vilipokwisha, Wafaransa wengi walijiliwaza kwa simulizi moja: kwamba de Gaulle aliyekuwa London alikuwa upanga, na Pétain aliyebaki nyumbani alikuwa ngao. Uovu wote, kwa simulizi hiyo, uliamriwa na Wajerumani, na Vichy ilijitahidi kuupunguza. Kitabu cha Robert Aron cha mwaka 1954 kiliipa simulizi hiyo heshima ya kitaaluma. Tena majalada ya serikali ya Vichy yalikuwa yamefungwa, hata mwenye shaka hakuwa na pa kuanzia.

Paxton alizaliwa mwaka 1932 katika jimbo la Virginia. Hakuwa Mfaransa, hakuwa na baba aliyeitumikia Vichy wala mjomba aliyeuawa akipambana nayo. Alipokuta mlango wa Wafaransa umefungwa, alipita mlango mwingine. Majeshi ya Washirika yalikuwa yameteka nyaraka za Wajerumani kwa wingi, zikapigwa picha na kuwekwa Marekani mahali ambapo mtafiti aliweza kuzisoma. Katika taarifa walizoandikiana mabalozi na majemadari wa Kijerumani, Paxton alikuta jambo ambalo simulizi ya ngao haikuweza kulibeba. Mara kwa mara ni Vichy iliyobisha hodi kutaka ushirikiano, na ni Wajerumani walioitikia kwa ubaridi, kwani Hitler alichotaka Ufaransa ni utulivu, chakula na mali, wala hakuwa na haja ya rafiki. Sheria ya kwanza ya Vichy ya kuwabagua Wayahudi, ya tarehe 3 Oktoba 1940, haikuwa amri ya Berlin. Wafaransa waliitunga wenyewe.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1972, na tafsiri ya Kifaransa ikatoka mwaka 1973 ikiwa na dibaji ya Hoffmann. Walikuwapo wazee waliohoji mtu huyu wa ng'ambo, aliyekuwa mtoto wa miaka 8 Ufaransa ilipoanguka, anajua nini. Vijana ndio waliokisoma. Mwaka 1981 Paxton akishirikiana na Michael Marrus wa Toronto alitoa kitabu cha pili, hicho kikihusu Vichy na Wayahudi. Ikadhihirika kwamba katika msako wa Paris wa tarehe 16 na 17 Julai 1942, watu wapatao 13,000 walikamatwa na polisi wa Kifaransa, na kwamba kati ya Wayahudi wapatao 76,000 waliosafirishwa kutoka Ufaransa, waliorudi hai hawakuzidi sana 2,500.

Si haki kusema kwamba Wafaransa wenyewe walilala mpaka walipoamshwa na Mmarekani. Marcel Ophuls alikwisha tengeneza filamu yake ndefu juu ya mji mmoja chini ya utawala wa Wajerumani mwaka 1969, ingawa televisheni ya Ufaransa haikuionyesha hadi mwaka 1981. Na Serge Klarsfeld alikusanya majina ya waliosafirishwa, jina moja baada ya jina, akayachapisha mwaka 1978. Lakini mtu wa nje aliwapa hao wa ndani kitu walichokihitaji: hoja iliyosimama juu ya karatasi, ambayo haikuweza kusukumwa kando kwa kusemwa kuwa ni kisasi cha chama au cha ukoo. Tarehe 16 Julai 1995 Rais Jacques Chirac alikiri hadharani kwamba dola ya Ufaransa ilimsaidia mvamizi katika uhalifu ule. Na mwaka 1997, Maurice Papon, aliyekuwa ofisa mkubwa wa mkoa wa Bordeaux wakati wa vita, alipofikishwa mahakamani, Paxton aliitwa kuieleza mahakama jinsi serikali ya Vichy ilivyofanya kazi. Papon alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwezi Aprili 1998.

Kesi ya Papon yafaa itazamwe kwa muda zaidi, kwa sababu inaonyesha mahali ambapo elimu hii yenyewe ilikuwa na upofu. Papon hakuishia Bordeaux. Tarehe 17 Oktoba 1961 alikuwa mkuu wa polisi wa Paris, na usiku huo askari wake waliwaua Waaljeria walioandamana kwa amani, miili mingine ikatupwa katika mto Seine. Jambo hilo lilifufuliwa mbele ya mahakama ile ile mwaka 1997. Lakini kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kimarekani aliyesoma Ulaya ya leo alisoma habari za Bordeaux katika somo moja, na habari za Aljeria, kama alizisoma, katika somo jingine kabisa, lililoitwa la Afrika au la Mashariki ya Kati. Mtu mmoja, afisi za dola moja, na bado wasomi walimkata vipande viwili!

Aliyesoma Mkataba wa Roma wa tarehe 25 Machi 1957, ambao ndio msingi wa Umoja wa Ulaya wa leo, angekuta humo kifungu cha 227 kikiitaja Aljeria kwa jina. Ardhi hiyo ya Afrika ilihesabiwa kuwa sehemu ya Ufaransa, hivyo ikaingizwa ndani ya Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, na haikupata uhuru wake hadi Julai 1962. Mwanahistoria wa Kimarekani Megan Brown aliifanya habari hiyo kuwa kitabu mwaka 2022, akiiita Aljeria nchi mwanachama ya saba. Hapa tena umbali ulisaidia. Wengi katika Ulaya walipenda Jumuiya yao ielezwe kuwa ni kazi ya amani ya mataifa sita yaliyochoka kupigana. Na amani hiyo ilikuwapo kweli, ila ilitiwa sahihi na serikali ambayo wakati huo huo ilikuwa vitani ng'ambo ya bahari.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo penye njia inayotoka Ulaya na kufika Afrika Mashariki, na njia hiyo ilipitia vyuo vya Marekani.

Ernst Haas, yule mkimbizi wa Frankfurt, alitoa kitabu mwaka 1958 juu ya Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma iliyoundwa na nchi sita kwa mkataba wa mwaka 1951. Alieleza kwamba mataifa yakishirikiana katika jambo dogo la kiufundi, jambo hilo hufurika na kuingia katika jambo la pili na la tatu. Wenye viwanda na vyama vya wafanyakazi huanza kutazama makao makuu mapya badala ya miji mikuu yao. Na mwishowe siasa hufuata nyuma ya uchumi kama ng'ombe afuataye kamba. Nadharia hiyo ilipendwa mno. Kijana mmoja wa Harvard, Joseph Nye, akaja kuipima Kenya, Uganda na Tanganyika, ambako soko lilikuwa moja, shilingi moja, reli na posta vya pamoja. Kama Haas alikuwa sahihi, basi Shirikisho lilikuwa karibu kuliko hata lile la Ulaya. Tena Kenyatta, Nyerere na Obote walikuwa wametangaza nia hiyo Nairobi tarehe 5 Juni 1963.

Haikuwa hivyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1965, Nye alionyesha kwamba katika nchi zilizotoka kupata uhuru hakuna jambo la kiuchumi linalobaki kuwa la kiufundi tu. Kiwanda kikijengwa mji huu na si mji ule, siku hiyo hiyo huwa swali la siasa. Shilingi ya pamoja ilivunjika mwaka 1966. Mkataba wa Kampala wa mwaka 1967 uliianzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 1977 Jumuiya hiyo ikafa. Ile iliyopo leo ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Nayo Ulaya haikumtii Haas: mwaka 1965 de Gaulle aliwaondoa wajumbe wake katika vikao vya Brussels, kiti cha Ufaransa kikabaki kitupu kwa miezi kadhaa. Kufikia mwaka 1975 Haas mwenyewe aliandika kwamba nadharia za namna ile zimepitwa na wakati. Mwanachuoni anayeichunguza nchi yake mwenyewe hulazimika mara chache sana kukubali hilo, kwani hana nchi ya pili ya kupimia.

Kwa Putnam inatosha kugusia. Robert Putnam wa Harvard na wenzake waliifuata mikoa ya Italia tangu ilipopewa serikali zake mwaka 1970, wakalinganisha muundo ule ule ulivyofanya kazi vizuri Emilia-Romagna na vibaya Calabria. Kitabu cha mwaka 1993 kilidai kwamba siri imo katika vyama vya kiraia, hata vya kwaya na vya mpira. Waitalia wengi walimpinga, wakisema ameikosea kusini kwa kuisahau dola na mabwanyenye. Na hoja yao ina uzito. Lakini mtu huyo huyo aliporudi kuitazama nchi yake kwa macho aliyoyapata Italia, aliona Wamarekani wanavyoacha vyama vyao, akaandika kitabu cha mwaka 2000 kilichozua mjadala nchi nzima.

Wapo wasemao kwamba yote haya ni ya zamani. Utajiri wa dunia unahamia Asia, na kijana mwenye akili ajifunze Kikorea au Kichina. Kujifunza Kikorea ni jambo jema, na wanafunzi wake wanaongezeka kwa kasi. Lakini Ulaya haikukoma kuwa na uzito kwa kuwa si mpya. Umoja wa nchi 27 hutunga kanuni za kulinda habari za watu ambazo, tangu Mei 2018, makampuni makubwa ya California hulazimika kuzifuata yafanyapo biashara huko. Na tangu tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine nzima, Bunge la Marekani limelazimika kupiga kura juu ya mabilioni ya dola kwa ajili ya nchi ambayo historia yake ni wajumbe wachache walioisoma.

Hesabu za Chama cha Lugha za Kisasa cha Marekani zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 2016 na 2021 wanafunzi wa lugha za kigeni vyuoni walipungua kwa asilimia 16.6. Wa Kifaransa walipungua kwa asilimia 23, na wa Kijerumani kwa theluthi moja. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha West Virginia, chuo kikuu cha jimbo zima, kiliamua kufuta shahada zake za lugha za kigeni kwa sababu ya upungufu wa fedha. Husemwa kwamba mashine sasa zinatafsiri. Ni kweli zinatafsiri. Ila mashine hutafsiri jalada lililowekwa mbele yake. Haijui ni jalada gani la kuomba, wala haitambui kwamba karani wa Vichy alipoandika neno fulani la upole alikuwa akificha jambo.

Chuo kinachotaka kuifundisha Ulaya ya leo kwa dhati hakina budi kumpa mwanafunzi lugha kabla ya tiketi ya ndege, walau miaka miwili, ili afikapo Lyon au Leipzig asikae na Wamarekani wenzake katika mkahawa mmoja muhula mzima, kama ilivyo desturi ya wengi. Kimfundishe uchumi na historia katika somo moja. Kimpeleke kwenye kikao cha baraza la mji, ambako watu hugombana juu ya maji na shule, kabla ya kumpeleka kwenye majumba ya makumbusho. Na vitabu vya Algiers, Kinshasa na Jakarta viwekwe katika rafu moja na vile vya Paris, Brussels na The Hague. Hayo yanahitaji walimu wa kudumu, na walimu wa kudumu huhitaji mishahara. Hapo ndipo wakuu wa vyuo na mabunge ya majimbo wanapoanza kutazamana.